Ombi la Kuondolewa Kwenye Asilimia

Edelmira Oyarzún, mjane wa Cárcamo
Mtaa wa Kanisani, geti la bluu
Puquelmo, kusini mwa Chile
6 Agosti

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Takwimu,
Idara ya Afya ya Mkoa

Mheshimiwa Mkuu,

KUH: KUONDOLEWA JINA LANGU KWENYE ASILIMIA YA WANAWAKE WALIOPIMWA MATITI

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kuwa barua hii inakukuta mkavu. Sisi huku mvua ina siku ya kumi na moja leo, na haina dalili ya kuchoka.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minne. Nilikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Puquelmo kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda wote huo nimeilalamikia serikali mara moja tu, mwaka 1998, kuhusu unga wenye wadudu, na nilishinda. Nayasema haya ili ujue kuwa mimi si mtu wa kuandika barua ovyo. Lakini mwaka huu ofisi yako imenifikisha mahali ambapo siwezi kununua mfupa wa supu bila kuulizwa habari za kifua changu, na hilo, Mheshimiwa, ni jambo ambalo hata marehemu mume wangu Belarmino hakuwahi kuniuliza mbele za watu.

Ili tusipotezane, naomba nikueleze mambo yalivyo, maana huenda huko juu mnaona namba tu.

Puquelmo ina wanawake mia mbili na kumi na wawili wenye miaka kati ya hamsini na sitini na tisa. Ofisi yako imesema asilimia sabini yao wapigwe picha ya matiti katika gari lile jeupe ambalo limeegeshwa uwanja wa zimamoto tangu Juni. Tukifika sabini kabla gari halijaondoka tarehe 20 Agosti, litakuwa linarudi kwetu kila mwaka. Tusipofika, litahamia Llancura, ng'ambo ya ziwa, na wanawake wetu watakuwa wanavuka na pantoni. Wewe hujavuka na pantoni ile mwezi wa saba. Mimi nimevuka.

Mpaka leo wamepimwa mia na arobaini na wanane. Nimepiga hesabu mwenyewe mgongoni mwa mfuko wa unga, mara mbili: sitini na tisa nukta nane. Anahitajika mwanamke mmoja. Wamebaki sitini na wanne, na mkunga wetu amewafuatilia wote. Arobaini na mmoja wako mbali kwenye viwanda vya samaki. Tisa hawawezi kutoka kitandani. Kumi na wawili wamesaini fomu ya kukataa. Mmoja ni Rosenda Paredes, ambaye habari zake nitazieleza mbele.

Na mmoja ni mimi.

Tafadhali usinielewe vibaya. Mimi sijakataa. Nimeletewa fomu ya kukataa na sikuisaini, kwa sababu sikatai. Sijaenda tu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kama kompyuta yenu haioni tofauti hiyo, kosa si langu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. KUGONGEWA MLANGO

Mkunga wa zahanati yetu ni Bi Yasna Velásquez. Ana miaka ishirini na sita, na huvaa mabuti mekundu ya mvua. Kabla ya mwaka huu nilimpenda. Amekuja kwangu mara saba.

Mara ya kwanza nilikuwa nanyonyoa kuku. Alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika, jalada la plastiki limebanwa kwapani.

"Mama Edelmira, ni dakika kumi tu."

"Mwanangu, kwa dakika kumi mkate unaungua."

"Basi tusubiri mkate uive, halafu twende."

"Ukishaiva huu naweka mwingine."

Akacheka, akaenda zake. Nikadhani yameisha. Mara ya pili nilimwambia nina mafua. Mara ya tatu nikamwambia nina mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa bata mzinga, kwa sababu nilikuwa nimemwingiza jikoni asilowe. Mara ya nne nilizima redio nikakaa kimya sakafuni nyuma ya jiko. Nikamsikia akisema nje ya mlango, taratibu, kama mtu anayesema na mtoto:

"Mama Edelmira, moshi unatoka kwenye bomba la jiko. Najua upo."

Mheshimiwa, hivi hiyo ni kazi ya mkunga au ya polisi? Nina goti bovu. Kuinuka pale sakafuni kulinichukua muda mrefu kuliko hizo dakika kumi, nakiri, lakini hilo silo tunalolijadili hapa.

2. KUTANGAZWA

Nje ya zahanati wametundika ubao mweusi, na kila asubuhi wanaandika asilimia kwa chaki. Tangu Ijumaa ya wiki juzi ubao unasema 69.8. Watu wanapita, wanasoma, kisha wanageuza shingo kutazama upande wa mtaa wetu.

Nibaldo wa redio ya mji alitangaza hivi, baada ya habari za vifo na kabla ya bei ya viazi: "Tunamwomba mama mmoja tu. Hatumtaji jina. Anakaa Mtaa wa Kanisani, geti la bluu, ana bata mzinga anayeuma." Nilimpigia simu. Akaniambia, "Lakini sikutaja jina, Mama Edelmira." Na alinijibu hewani!

Buchani kwa Heriberto naomba nusu kilo ya mbavu, ananiuliza, "Za ng'ombe? Maana nyingine hazijapimwa." Buchani kote wakacheka, hata mke wa mchungaji. Mimi nimempikia Heriberto dengu tangu akiwa darasa la kwanza, na ndiye aliyekuwa akificha karoti kwenye soksi.

Halafu kuna jirani yangu Clorinda, ambaye alikuwa namba 31 na anaisema namba yake kama aliyeshinda bahati nasibu. Alikuja na chungu cha jamu ya matufaha, akaketi bila kukaribishwa.

"Shoga, wewe una nini cha ajabu humo ndani? Almasi?"

"Sina haja ya kubanwa na mashine."

"Mimi nimebanwa kama shuka kwenye mlango wa kabati. Nikasema mama yangu wee! Halafu nikavaa blauzi, nikaenda kununua kitunguu. Basi."

"Wewe ni wewe, Clorinda."

"Na pantoni nitavuka mimi, si wewe. Maana wewe hutavuka. Utakaa hapa na bata wako."

Akaondoka na jamu yake. Miaka ishirini na mitatu ya ujirani, na mwanamke akaondoka na jamu aliyoileta.

3. HESABU YENU YENYEWE

Mimi nimegawa chakula kwa watoto mia na tisini kila siku ya shule. Najua kugawa. Nikipata sahani sitini na tisa na nyingine iliyojaa kasoro kijiko kimoja, naandika sahani sabini, na hakuna mtoto aliyekufa. Sitini na tisa nukta nane ni sabini. Mnajua, najua, hata bata anajua. Nukta nane ya mwanamke ni mwanamke gani? Ana kichwa hana miguu?

Halafu kuna suala la mdogo wangu Auristela. Auristela ana titi moja. Jingine walimtoa miaka tisa iliyopita, huko mjini. Yuko kwenye orodha ile ile, alikwenda siku ya kwanza kabisa gari lilipofungua mlango, na amehesabiwa mtu mmoja mzima. Mimi ninayo mawili, na nimehesabiwa sifuri. Niliona hapo pana kasoro ya kimahesabu, nikamwuliza Bi Yasna alipokuja mara ya tano kama si haki Auristela awe nusu, na mimi nipewe japo robo kwa kuwa nayo.

Bi Yasna akatazama mabuti yake. Auristela alikuwa ameketi pale pale karibu na jiko, anasokota sufu. Hakuinua hata macho.

"Mimi ni mzima, dada," akasema. "Nusu ni wewe."

Niliweka kuni jikoni. Naliandika hapa ili uone jinsi takwimu zenu zinavyoleta ugomvi katika familia za watu.

4. ROSENDA PAREDES

Hapa naomba usome polepole.

Rosenda tulikaa dawati moja shuleni. Alifariki miaka sita iliyopita alipokwenda kumtembelea binti yake Argentina, na akazikwa huko huko. Tulimsomea misa hapa, mimi ndiye niliyepika. Lakini kwenye orodha yenu Rosenda yupo, ana miaka sitini na minne kama mimi, na mbele ya jina lake pameandikwa "Hajashiriki." Mkamtumia na barua ya onyo! Ilikuja kwangu kwa sababu postamasta hakujua aipeleke wapi.

Nikapiga hesabu upande wa pili wa mfuko wa unga. Mkimtoa Rosenda, wanabaki wanawake mia mbili na kumi na mmoja. Mia na arobaini na wanane kwa mia mbili na kumi na mmoja ni sabini nukta moja. Tumefika! Bila mtu yeyote kuvua blauzi!

Bi Yasna aliniambia ameomba Rosenda atolewe kwa miaka minne mfululizo na hajajibiwa. Basi nikaamua kuja mwenyewe. Jumatano iliyopita niliondoka na pantoni ya alfajiri, nikapanda mabasi mawili, saa tano njiani. Nilibeba picha ya misa ya Rosenda na barua ya padri. Ofisini kwako nilihudumiwa na kijana mmoja mwenye mafua, jina lake Wladimir, mwenye adabu sana, simlaumu.

"Mhusika yuko wapi?" akaniuliza.

"Makaburini."

"Makaburi ya wilaya gani?"

"Argentina."

Akaandika kidogo, akapenga kamasi. "Basi kwetu huyu si marehemu, Mama. Kifo chake hakipo nchini. Labda tuseme amehama."

"Sema amehama. Kweli amehama."

"Nitahitaji anwani yake mpya na namba ya simu."

Nikamtazama, akanitazama. Nikamwambia, "Basi mweke kwa waliokataa."

"Anayekataa lazima asaini."

"Mwanangu, huyu amekataa kuliko wote."

Akasema bila cheti cha kifo chenye mhuri wa ubalozi, Rosenda ataendelea kutegemewa. Hilo ndilo neno alilotumia, kutegemewa. Tayari nimempigia binti yake simu, na ameahidi kukituma.

Nilipokuwa nafunga koti, Wladimir akaniambia kwa upole, "Mama, hapa chini ghorofa ya kwanza kuna mashine ya picha. Leo hakuna foleni hata kidogo. Ungeshuka tu, na suala la Puquelmo lingeisha leo."

Nikamwambia nina basi la kuwahi.

Basi lilikuwa bado saa mbili kuondoka. Nilikaa kituoni nikala empanada, nikatazama ukuta. Natoa taarifa hii kwa ajili ya ukweli tu, wala haina uhusiano na ombi langu.

5. Lalamiko hili nimelikata. Lilihusu mabuti ya Bi Yasna na matope aliyoyaacha, na nikilisoma tena naona ofisi yako haihusiki.

6. KIPEPERUSHI

Mmetuletea karatasi yenye picha ya mwanamke wa makamo anayetabasamu mbele ya mashine. Anacheka nini? Juu yake mmeandika kwa herufi kubwa: USIOGOPE. Nani amesema naogopa? Nilikuwa nimekaa kwangu salama na jiko langu, sijafikiria chochote, mkaja kunipa neno lenyewe.

Na kwa kuwa mmelileta, basi niwaambie. Mama yetu, Zunilda, hakuogopa. Alipopata uvimbe alisema ni misuli imekaza kwa kubeba kuni. Alijifunga majani ya kabichi yaliyopashwa moto, akavaa sweta juu yake, akaendelea kukamua ng'ombe. Alijifunga majani hayo kuanzia wakati wa kuvuna viazi mpaka wakati wa kupanda vingine. Mimi ndiye niliyekuwa nikichuma kabichi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nachagua majani mapana, yasiyotobolewa na wadudu, nikiamini kwamba hilo lina maana.

Wakati huo hapakuwa na ubao, wala asilimia, wala msichana wa mabuti mekundu. Hakuna aliyemgongea mlango hata mara moja. Familia yetu imeishi hivyo, kwa heshima, bila kusumbuliwa na mtu.

Nimesahau nilikuwa nataka kuthibitisha nini kwa mfano huu. Nitauacha, maana sina karatasi nyingine safi.

Baada ya malalamiko hayo, Mheshimiwa, na ili tusigombane, naleta mapendekezo. Ofisi yako ichague lolote:

Pendekezo la kwanza ni hilo la sahani: sitini na tisa nukta nane iandikwe sabini, tusahau.

Kama hilo ni gumu, nibadilishwe na Rosenda. Yeye aendelee kutegemewa, kwa vile ndivyo mnavyopenda, na mimi mniandike marehemu. Nitaleta barua ya padri, ambaye ameshasema kwamba kwa namna ninavyofanya mambo, hakuna tofauti kubwa. Mnaweza hata kuleta shada la maua, ila yasiwe ya plastiki.

Kama kunifanya marehemu kunahitaji ubalozi, basi niongezewe umri. Orodha yenu inaishia miaka sitini na tisa. Nitangazwe kuwa na sabini kuanzia Jumatatu. Niko tayari kununua fimbo na kulalamikia vijana.

Na kama hayo yote yanashindikana, nihamishieni Llancura kwa karatasi. Mimi nitabaki hapa hapa jikoni kwangu, ila nitakuwa mwanamke wa Llancura ambaye hajashiriki, na asilimia itakayoshuka itakuwa ya kwao. Watu wa Llancura walituibia kengele ya shule mwaka 1987, kwa hiyo hakuna atakayeumia isivyo haki.

Nangojea jibu lako kwa hamu, na nakuhakikishia kuwa sina kinyongo na mtu. Nisalimie mke wako na watoto kama unao, na kama huna, wasalimie wazazi. Nisalimie wote wa kitengo chako, yule mama wa mapokezi aliyenipa kiti, mlinzi wa mlangoni, na dereva wa gari jeupe akipita huko. Wladimir mwambie achemshe maganda ya ndimu na asali, anywe ikiwa moto, aache kupenga kwenye nyaraka za watu.

Wako mwenye heshima, ambaye hajakataa,

Edelmira Oyarzún, mjane wa Cárcamo

NYONGEZA, 28 Septemba

Mheshimiwa, barua hii haikuondoka. Kulikuwa na dhoruba na pantoni haikuvuka siku sita, kisha nikaiweka kwenye kopo la biskuti, kisha mambo yakabadilika. Naituma hata hivyo, kwa sababu nimeiandika kwa mwandiko mzuri.

Tarehe 17 Agosti cheti cha Rosenda kilifika, na mhuri wote. Wladimir, Mungu ambariki, alimtoa siku hiyo hiyo. Zimamoto walipiga king'ora. Ubao ukaandikwa 70.1 na mtu akachora ua pembeni. Nibaldo akatangaza kwamba gari ni letu. Heriberto akanipa mfupa wa supu bila neno lolote. Nilikuwa nimeshinda, Mheshimiwa. Kila nilichodai nilikipata. Nilirudi nyumbani, nikafunga geti, nikakaa.

Siku ya pili yake mvua ilinyesha kutwa. Hakuna aliyegonga. Nilifungua mlango mara mbili kutazama kama kuna mtu.

Siku ya tatu, tarehe 19, Bi Yasna akaja. Hakuwa na jalada.

"Umesahau orodha," nikamwambia.

"Sikuja na orodha, Mama Edelmira. Namba imeshatosha. Nimekuja kunywa chai."

Basi nikampa chai na mkate na jibini. Tukaongea habari za matope, na za mama yake huko Temuco. Nilikuwa nasubiri aanze. Hakuanza. Aliposimama kuvaa koti ndipo akaniuliza, bila kunitazama, anafunga vifungo:

"Mama yenu alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

"Auristela aliniambia kuhusu majani."

"Auristela ana mdomo."

"Gari linaondoka kesho saa nne," akasema. "Sasa hakuna anayekuhitaji kwenye hesabu. Hata usipokuja, mimi bado nitakuwa napita kunywa chai."

Akaenda. Mheshimiwa, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nilikuwa na majibu ya asilimia, ya pantoni, ya ubao, ya kipeperushi. Mtu akija kwa ajili ya namba, unamfukuza na namba. Akija kwa ajili yako unamfukuza na nini?

Nilikwenda kwa Auristela nikasimama mlangoni kwake. Alivaa viatu.

Tulikwenda asubuhi ya tarehe 20, tulikuwa wa mwisho, dereva alikuwa ameshaanza kukunja ngazi. Clorinda alituona akiwa dirishani kwake, akatoka na mwavuli, akatufuata nyuma bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ndani palikuwa na msichana mwenye mikono baridi, akaomba radhi kwa mikono hiyo, akanipanga kama mtu anayepanga nyama kwenye mizani. Ni kweli inabana. Ni kweli unasema mama yangu wee. Akaniambia, "Sasa usipumue, Mama."

Nikamwambia sijapumua vizuri tangu mwezi wa tatu, siku nilipokuwa naoga, mkono wangu ukakutana na kitu.

Akasimamisha mashine. Akatoka nyuma ya kioo chake akaja kunishika bega. Hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia, Mheshimiwa. Si Auristela, si Clorinda, si padri. Namwambia msichana nisiyemjua jina, nusu uchi, ndani ya gari, uwanja wa zimamoto.

Ni kitu cha ukubwa wa punje ya njegere. Wamekipiga picha tena huko mjini, wamekichoma sindano, wamekipa jina refu. Daktari wa upasuaji ananisemesha kana kwamba ni jino la kung'oa. Anasema tumekiwahi. Kwamba ningekaa mpaka gari lirudi mwakani, tungekuwa tunaongea mengine. Nilimwuliza asilimia ya wanaopona wakiwa na hali kama yangu. Akanitajia. Nilimwomba airudie, maana ilikuwa nzuri, na nilitaka kuisikia tena.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Usinifanye marehemu, usiniongezee umri, na Llancura sitaki. Nimekuwa namba mia na arobaini na tisa, na naomba niandikwe hivyo kwa wino.

Kuna jambo moja limebaki. Eduvina Mansilla wa hapa darajani ametimiza miaka hamsini mwezi huu, na ameingia kwenye orodha yenu. Juzi nilikwenda kumgongea, nimweleze mapema kwamba gari likija asikose. Hakufungua. Jana nilikwenda tena, akajificha chooni, nikaona kidole chake cha mguu chini ya mlango. Alinijibu kupitia dirisha la choo kwamba namdhalilisha na kwamba atawaandikia nyinyi barua ndefu yenye malalamiko yaliyopangwa kwa namba.

Ikifika, tafadhali ipokeeni kwa heshima, igongeni mhuri, na msimjibu. Kesho nitakwenda tena. Kesho kutwa sitaweza, kwa sababu ndiyo siku yangu ya upasuaji, na Auristela atakuwa nami. Siku hiyo atakwenda Clorinda.

E. O.